Sungura aanzie jikoni kwako

Maneno haya niliyasema Jumamosi iliyopita kwenye mkutano wa vikundi vya akina mama na vijana hapa Marangu, Kilimanjaro. Siku hiyo kulikuwa na misiba miwili, na wengi mliokuwa huko misibani mmeniomba niyaweke kwa maandishi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, pamoja na yale niliyojibu katikati watu walipouliza.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum. Ndugu mwenyekiti, kwa ruhusa yako nasema itifaki imezingatiwa, maana muda niliopewa ni mfupi na jiko nyuma ya ukumbi limeshawashwa.

Naomba kitu kimoja kabla sijaanza. Aliye na sungura nyumbani, hata mmoja, anyooshe mkono. Naona mikono mingi. Asanteni, shusheni. Sasa aliyekula nyama ya sungura wake mwenyewe mwezi huu, anyooshe mkono. Mmoja. Wawili. Yule mama kule nyuma, watatu. Watatu, jamani! Watatu kati ya ukumbi mzima!

Tunao, lakini hatuwali. Tunaamka kuwakatia majani, tunawafagilia, tunawanunulia pumba, halafu jioni tunakula ugali na mboga za majani tupu. Basi leo nina swali moja tu, na nitalirudia mpaka mlichoke: unamfugia nani?

Swali hili si langu. Niliulizwa na mama mkwe wangu, na lilinichoma.

Mwaka 2014 walikuja watu hapa na gari zuri na makaratasi. Wakakodi ukumbi, wakatupa soda, wakasema: nunueni kwetu majike 10 na madume 2, nunueni kwetu na vizimba vyake, na baada ya miezi minne tutakuja wenyewe kuwachukua watoto wote kwa bei ya kilo. Mkataba huu hapa, weka sahihi. Niliweka. Nilikopa kwenye kikundi, nikaongeza na hela ya kahawa ya baba watoto. Sikuwa peke yangu, na baadhi yenu mlioko humu tulikaa benchi moja siku ile.

Sungura wakazaa. Kuzaa wanajua, hilo halina mjadala. Kufika mwezi wa tisa nilikuwa na sungura 83. Nikapiga simu. Wakasema, mama vuta subira, gari linakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Mwishoni simu ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani.

Nikawa naamka saa kumi alfajiri kwenda kukata majani kwa tochi. Deni la pumba dukani likapanda. Wanangu walikuwa hawajatia nyama mdomoni kwa wiki tatu, na nyuma ya nyumba yetu zilikuwepo nyama 83 zikitafuna. Nilikuwa nimeambiwa hiyo ni biashara, kwa hiyo sikuwaona tena kama chakula. Nilikuwa naona kilo za mtu mwingine.

Ndipo mama mkwe akashuka kutoka kihamba cha juu, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba. Akasimama mbele ya vizimba, akaangalia kimoja kimoja, akaniuliza taratibu: "Mkamwana, hawa unamfugia nani?" Sikuwa na jibu. Kesho yake akarudi na kisu chake na mkungu wa ndizi mshare, zile za kupika, kichwani. Akasema, chinja mmoja. Tukapika mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Yule bibi alikuwa hajawahi kula sungura maisha yake yote, na meno yalikuwa yamebaki machache. Alikula bakuli mbili. Watoto walipangusa sufuria kwa vidole.

Harufu ile ilivuka ua. Jirani akauliza mnapika nini, akaonjeshwa, akataka mmoja. Mwalimu mmoja akasikia, akataka wawili wa sikukuu. Baadaye mwenye mgahawa pale Marangu Mtoni akaanza kuagiza. Ilinichukua karibu mwaka mzima kulipa lile deni, na nililipa kwa watu walioonja kwanza. Kwa hiyo mtu asiniambie hapa kwamba sungura hana soko. Soko lake linaanzia kwenye bakuli lako. Usipomla wewe, nani atakuamini ukimwambia ni mtamu?

Wazee wangu, sasa niseme kwa nini nadhani mnyama huyu anatufaa sisi hasa, watu wa mlimani.

Babu zetu walikuwa na kihamba kipana, na ndani ya nyumba ng'ombe amefungwa, analetewa majani, anatoa maziwa na mbolea ya migomba. Kufugia ndani hatukufundishwa na mtu, ni jadi yetu. Lakini kihamba cha babu kimegawiwa wana watano, na wana nao wamegawa. Kuna vijana humu wana robo eka yenye nyumba, migomba, kahawa na makaburi. Ng'ombe utamweka wapi? Majani yake utayatoa wapi? Mpaka mnashuka tambarare kununua mabua.

Na hata anayeweza kufuga mbuzi, mwulize amekula mbuzi wangapi mwaka huu. Mbuzi huchinji hivi hivi. Ukichinja mbuzi, ukoo umesikia. Kuna sehemu ya mjomba, kuna sehemu ya baba mkubwa, na usipopeleka umetengeneza kesi. Sisemi vibaya, ndivyo tulivyo na ni jambo jema. Ila ndiyo maana mbuzi ni nyama ya shughuli, wala si nyama ya Jumanne.

Sungura ni sufuria moja. Umechinja saa tisa, mmekula saa mbili usiku, imekwisha. Huhitaji friji, huhitaji kualika ukoo, hakuna kinachoharibika. Hiyo nyama ina protini kama gramu 20 kwa kila gramu 100, na mafuta machache sana. Mtoto anayekua, mama aliyejifungua na mzee mwenye presha wanakula chungu kimoja.

Tupige hesabu, na tusipige ya wale watu wa mikataba. Chukua majike wawili na dume mmoja. Usichukue kumi. Jike anabeba mimba siku 31, kutofautiana ni siku moja tu mbele au nyuma. Mwache anyonyeshe wiki sita, apumzike kidogo, umpandishe tena. Kwa mwendo huo anazaa mara nne kwa mwaka bila kuchoka. Anaweza kuzaa watoto wanane au tisa, lakini hesabu sita watakaokua, kwa sababu wengine watakufa na lazima ulijue hilo tangu mwanzo. Sita mara nne ni 24. Majike wawili, 48. Mwaka una wiki 52. Mmenielewa? Ni sungura mmoja karibu kila Jumapili, mwaka mzima, kutoka kwenye vizimba vinavyoenea nyuma ya jiko. Akifikisha kilo mbili na nusu, ukimchinja na kumsafisha unapata nyama kama kilo moja na robo.

Kwa majani yetu, bila chakula cha dukani, anachelewa zaidi kufika uzito huo. Wale wa mashamba makubwa wanaolishwa chakula maalumu wanafika kwenye miezi mitatu. Usishindane nao. Majani hununui.

Kuhusu banda sitakaa sana, mafundi mnao. Jike na wanawe wanahitaji kizimba cha urefu sentimita 90, upana 60, kimo 45 au 50, kikiwa juu kiunoni pako. Sakafu iwe ya wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, kinyesi na mkojo vianguke chini. Hapo ndipo nusu ya magonjwa yanapoishia. Weka na kipande cha ubao pembeni apumzishe nyayo, maana akisimama kwenye waya siku zote anapata vidonda. Upepo mkali usimpige, mvua isimpige. Ninyi wa kule chini Himo na Kahe, ongezeni kivuli, kwa sababu sungura hatoi jasho kama sisi, na joto likizidi nyuzi 30 siku kadhaa mfululizo mbegu za dume hudhoofika. Utapandisha na utasubiri bure.

Lakini jambo moja la banda nitalisema polepole, kwa sababu lilinigharimu. Siafu. Ilikuwa masika, mwezi wa nne. Nilikuwa na jike amezaa watoto saba, siku ya tatu. Usiku nikasikia anagonga sakafu kwa mguu wa nyuma, du, du, du. Sungura hapigi kelele ovyo, akiogopa anagonga. Nikasema ni paka, nikalala. Alfajiri nikakuta mstari mweusi unapanda mguu wa kizimba kama kamba iliyosokotwa. Kwenye kiota hapakuwa na kitu cha kuokoa. Jike amejibana kwenye kona, ameumwa masikio mpaka yamevimba.

Tangu siku ile kila mguu wa kizimba changu umesimama ndani ya kopo lenye oili chafu ya gari, na kila Jumamosi naangalia kama oili imekauka au kama kuna jani limeangukia likawa daraja. Kopo nne kwa kizimba. Ni vitu vya bure, ombeni kwa mafundi wa magari. Na sungura akigonga usiku, amka.

Sasa kupandisha. Kuna mzee mmoja jirani yangu, namheshimu sana, aliuziwa jozi, dume na jike. Akawatunza miezi saba. Kila wiki ananiuliza, mama, mbona hawazai? Siku niliyokwenda kuwaangalia, wote wawili madume, na wameraruana mpaka basi. Usinunue kwa maneno. Mgeuze sungura chali kwenye mapaja yako, bonyeza taratibu kwa vidole viwili pale sehemu ya siri. Ukiona kitundu cha duara kimechomoza, dume. Ukiona mpasuko kama punje ya ngano, jike. Ni nusu dakika.

Jike asubiri miezi mitano hadi sita kabla ya kupandwa. Na sikilizeni vizuri: jike ndiye anayepelekwa kwa dume. Dume hapelekwi kwa jike! Jike ana wivu na kizimba chake, atamng'ata dume, na dume akiumia huyo hana kazi tena. Mpeleke asubuhi kukiwa na baridi. Akishapanda utaona dume anaanguka ubavu kama amezimia. Msiogope, ndiyo dalili kwamba kazi imefanyika. Na msingoje joto kama la ng'ombe, kwa sungura yai hushuka baada ya kupandwa, saa kama kumi hivi baadaye. Siku ya 12 hadi ya 14 mpapase tumbo kwa upole. Ukisikia vitu kama gololi zinateleza, andika tarehe ukutani.

Siku ya 28 mwekee sanduku la kuzalia, sentimita 40 kwa 30, na nyasi kavu ndani. Halafu kaa utazame, kwa sababu hili mimi nimeliona mara nyingi na bado huwa naacha kazi nikaliangalie. Anabeba nyasi mdomoni, anazipanga, anazitoa, anazipanga upya. Kisha anainamisha kichwa anaanza kunyofoa manyoya ya kifua na ya tumbo lake mwenyewe, donge baada ya donge, mpaka ngozi inaonekana ya waridi na chuchu ziko wazi. Manyoya yote anayaweka kiotani. Watoto wanazaliwa uchi kabisa, vipofu, wadogo kama kidole gumba, wanazama kwenye lile vazi la mama yao. Yule sungura wa porini mnayemjua, wa kwenye ngano za bibi, ni mnyama mwingine. Watoto wake wanazaliwa na manyoya na macho wazi, na hachanganyiki kizazi na huyu wa kufugwa, ambaye asili yake ni Uhispania na Ureno.

Mama wengi wananikimbilia siku ya pili: "Sungura wangu amewakataa watoto, hakai nao!" Hajawakataa. Sungura ananyonyesha mara moja kwa siku, usiku au alfajiri, dakika tatu au nne, basi. Wewe umelala. Asubuhi fungua kiota uangalie matumbo. Yakiwa ya duara kama puto, wameshiba, funika uende zako. Yakiwa yamenywea na ngozi imekunjamana, hapo ndipo uwe na wasiwasi. Ili watoto wasizidi kwa mama mmoja, mimi hupandisha majike wangu wawili siku moja. Mmoja akizaa kumi na mwingine wanne, nahamisha watatu usiku. Jike analea bila kuuliza.

Kuna jambo lingine linalowatisha watu. Usiku sungura huinama akala kinyesi laini moja kwa moja kutoka kwake mwenyewe. Si ugonjwa. Majani hupita tumboni mara mbili, kama ng'ombe anavyocheua, ila yeye ana njia yake. Ukimwona, mwache.

Chakula. Majani ya Guatemala na majani tembo yapo kwenye kila ukingo. Matembele, majani ya karoti, majani ya nje ya kabichi kwa kiasi, kishona nguo, na lile jani lenye ua la buluu linaloota chini ya migomba, vyote anakula. Vikate jioni, vinyauke usiku kucha, umpe asubuhi. Majani mabichi yenye maji yanamharisha, hasa watoto wanapoachishwa kunyonya. Nyasi kavu zisikosekane hata siku moja, kwa ajili ya tumbo na kwa ajili ya meno, maana meno yake hayaachi kukua. Na maji! Kuna mtu bado anaamini sungura hanywi maji kwa sababu anakula majani. Jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita moja kwa siku. Mnyime maji uone maziwa yatakavyokauka.

Vijana, mniangalie hapa. Parachichi. Tunalo kila kihamba, na sasa tunapanda mengine mapya kwa ajili ya kuuza. Majani ya mparachichi ni sumu kwa sungura. Binti mmoja wa kikundi chetu alipogoa miparachichi yake, akaona majani mengi mazuri yanapotea bure, akawapa sungura. Majike waliokuwa wananyonyesha wakavimba matiti, maziwa yakakatika, na wawili wakafa. Hakuna aliyemwambia. Basi leo mmeambiwa wote. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo, usimpe. Kisamvu kibichi, usimpe. Na majani yaliyoota chini ya kahawa iliyopigwa mrututu au dawa nyingine yoyote, usiyaguse.

Magonjwa niseme mawili tu. Masikio yakiwa na magamba kama pumba iliyoganda ndani, na anakung'uta kichwa, huo ni ukurutu. Unatibika, mwite mtaalamu wa mifugo mapema, usipake oili ya gari. Watoto wa mwezi mmoja au miwili wakiharisha na matumbo kuvimba, mara nyingi ni koksidia, ugonjwa wa vijidudu vya tumboni, na dawa yake ya kwanza ni wavu safi na maji safi, kisha dawa ya dukani kwa maelekezo. Ukishatumia dawa soma karatasi yake, hesabu siku zilizoandikwa kabla ya kuchinja. Kumbuka anayekula ni mwanao.

Nimefika pagumu. Kuchinja.

Najua kwa nini wengi hamkunyoosha mkono. Wengine hamjui kuchinja, lakini kwa wengine sababu ni watoto. Mtoto amempa sungura jina, amembeba, ameshalala naye. Utamwambia nini? Kwangu binti yangu wa mwisho alikataa kula siku mbili. Sikumcheka, wala sikumdanganya kwamba sungura amepotea. Tulikaa chini tukakubaliana: majike na dume wana majina, ni wa nyumbani, hawachinjwi mpaka wazeeke. Watoto wanaokua hawana majina, na kila anayewalisha anajua tangu siku ya kwanza wanaelekea wapi. Leo ana miaka 17, na yeye ndiye anayechinja. Anamshika kwa utulivu, anaongea naye, kisu kinakata kabla mnyama hajajua. Mnyama uliyemlea anastahili hivyo. Anayemkamata sungura kwa masikio akamzungusha, akamtupa chini, huyo mimi simuuzii hata mmoja.

Usimpe chakula usiku wa kuamkia siku hiyo, maji anywe. Ukishachinja, mtundike kwa miguu ya nyuma, kata ngozi kuzunguka vifundo, vuta chini kama unavyomvua mtoto sweta. Fungua tumbo taratibu, usipasue kibofu, na nyongo usiipasue kwenye ini. Liangalie ini. Likiwa na madoa meupe kama punje za mchele, ni koksidia ya ini, litupe na ukasafishe vizimba vyako. Likiwa safi, hilo ni la mpishi, na kitunguu kidogo.

Mama zangu, tuingie jikoni, maana hapa ndipo tunapowaharibia watu sungura wakasema hana ladha.

Kosa la kwanza ni panga. Unaweka sungura kwenye gogo unakata kata kama mbuzi. Mifupa ya sungura ni myembamba, inapasuka vipande kama sindano, na mtoto anakabwa. Tumia kisu kidogo, fuata maungio. Miguu ya nyuma miwili, ya mbele miwili, mgongo vipande viwili au vitatu, mbavu na shingo weka kando kwa supu. Nyama ikae mahali pa baridi mpaka kesho yake kama unaweza. Ukipika mara tu baada ya kuchinja ndani ya saa moja mbili, inakuwa ngumu na unamsingizia sungura. Ukiwa na mlo wa jioni ileile, basi ipe angalau saa nne na upike polepole.

Kosa la pili ni kusahau kwamba nyama hii haina mafuta. Ng'ombe anajipaka mafuta mwenyewe kwenye sufuria. Sungura hana, lazima umpe wewe. Ndiyo maana watu wa Pwani na sisi wa ndizi tunaweza kumpika vizuri kuliko wengine, tuna nazi, tuna karanga, tuna siagi.

Mtori wa mama mkwe wangu ni huu. Chemsha mbavu, shingo na miguu ya mbele pamoja na kitunguu, karoti na chumvi, moto mdogo, mpaka nyama iachie mfupa yenyewe. Itoe, inyofoe kwa mkono, pitisha vidole mara mbili kuhakikisha hakuna kifupa. Kwenye supu ileile tia ndizi mshare zilizomenywa, zichemke ziive kabisa. Ponda kwa mwiko mpaka iwe laini, tia kijiko cha siagi au maziwa kidogo, rudisha nyama. Uwe mzito lakini unywike. Huu ndio hupewa mzazi wiki ya kwanza.

Miguu ya nyuma na mgongo ni ya mchuzi wa nazi. Ipake ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, ilale saa mbili. Ikaange haraka kwenye mafuta ibadilike rangi, iweke kando. Kaanga kitunguu, nyanya mpaka ziive na mafuta yaelee, bizari kidogo, rudisha nyama, mimina tui la pili, funika. Dakika 40 kwa sungura wa miezi minne. Jike mzee aliyestaafu, saa moja na nusu, na hana ubaya wowote, ladha yake ni kubwa zaidi. Tui zito mwishoni kabisa, likichemka mara moja epua. Kwa wali, au kwa ugali moto.

Kuchoma? Chomeni wale wadogo tu, na muwalaze usiku kwenye mafuta, ndimu na pilipili. Makaa yawe yamefifia, na kila ukigeuza mpake mafuta tena. Moto mkali utakupa mkaa. Machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, nayo inakubali, ila nyama itangulie, ndizi zifuate baada ya nusu saa.

Kuna aliyeniuliza hapo mlangoni kuhusu dini. Kwa ndugu zetu Waislamu, madhehebu manne ya Sunni yanamhesabu sungura kuwa halali, na ipo hadithi ya Anas bin Malik katika Sahihi ya Bukhari, kwamba alimkamata sungura, Abu Talha akamchinja, akampelekea Mtume (S.A.W.) mapaja yake, naye akapokea. Mashia Ithnaasheri hawamli. Wasabato wanashika Mambo ya Walawi sura ya 11, hawamli. Basi heshima. Usimpikie mgeni sungura ukamwambia ni kuku. Na ukiuza nyama, acha mguu mmoja na manyoya yake, mnunuzi aone kwa macho kwamba si paka. Maneno ya paka yanaua biashara kuliko koksidia.

Na mzee mmoja aliniambia hii ni nyama ya watoto wa shule. Mzee wangu, kule kisiwa cha Malta sungura ndiye kitoweo cha taifa lao, na wali maarufu wa Valencia, Uhispania, wa asili unapikwa na sungura. Watu wazima wenye ndevu wanamgombania.

Namalizia na utaratibu. Si lazima kila mtu awe na dume. Dume mmoja anatosha majike nane hadi kumi, na tukipandisha ndugu kwa ndugu vizazi vitadhoofika. Mimi nina madume wawili wasio na undugu, mmoja mweupe na mmoja wa kijivu. Kuanzia Jumanne, aliye na jike wa miezi sita na kuendelea amlete asubuhi kabla ya saa tatu, ndani ya kikapu kilichofunikwa, siyo kwa masikio. Sichukui hela. Akizaa, utaniletea mtoto mmoja jike, nitampa mama mwingine wa kikundi ambaye hana.

Ndugu mwenyekiti, nasikia mwiko unagonga sufuria huko nyuma. Ni sungura saba, mtori sufuria mbili na mchuzi wa nazi sufuria moja. Wazee watangulie, watoto wakae upande wa mtori. Pilipili iko kwenye kibakuli, pembeni.